Ghala la Yusufu: Uonambali wa Kimkakati Mbele ya Imani

Mwaka 2002 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa barafu ya Kilimanjaro. Walikuwa wameitoboa barafu ile, wakapima tabaka zake, wakalinganisha na ramani za zamani, kisha wakasema kwamba kama hali itaendelea vilevile barafu itakwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita. Barafu imepungua sana, lakini ipo. Anayepita barabara ya Moshi asubuhi isiyo na mawingu bado anaiona. Mwaka 2022 UNESCO nayo ikasema kwamba barafu hiyo itakuwa imetoweka kufikia mwaka 2050. Wako waliocheka kwamba wataalamu walikosea, na wako waliosema ni suala la kusubiri kidogo tu. Kwa maoni yetu wote wawili wanauliza swali dogo. Swali kubwa ni hili: sisi tunaokaa chini ya mlima, tuliopewa taarifa hiyo mapema, tulifanya nini na ile miaka ishirini?

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya utabiri na kile ambacho katika makala hii tutakiita uonambali. Utabiri husema jambo fulani litatokea, tena mwaka fulani. Uonambali hauahidi hivyo. Huuliza ni mambo gani mbalimbali yanaweza kuja, yapi kati yake tayari yako njiani, na sisi tutasimamaje yakija. Ipo taaluma inayofanya kazi hiyo kwa ajili ya serikali, makampuni na mashirika, nayo huitwa uonambali wa kimkakati. Imezaliwa na taaluma pana zaidi ya mambo yajayo, iliyoanza kujengwa katikati ya karne iliyopita. Siku hizi imeanza kubisha hodi makanisani. Dayosisi zikikaa kuandika mpango mkakati, wawezeshaji huja na ubao, karatasi za rangi na maneno mapya, na wachungaji hurudi sharikani wakiwa na maneno hayo bila kujua yametoka nyumba gani. Sisi tunaofundisha katika chuo cha theolojia tunaona ni wajibu wetu kuuliza.

Taaluma hii ina asili mbili, na asili hizo hazikuwahi kupatana vizuri.

Asili ya kwanza ni ya vita. Huko Santa Monica, California, shirika la RAND lilifanya kazi kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani. Mmoja wa watu wake mashuhuri alikuwa Herman Kahn, mwanafizikia, ambaye mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya vita vya nyuklia. Humo alipanga katika majedwali mamilioni ya watu watakaokufa na miaka ambayo uchumi ungehitaji kuinuka tena. Kahn ndiye aliyelieneza neno senario, lililotoka kwa watengeneza filamu. Hapo hapo RAND ilizaliwa pia njia ya kuwauliza wataalamu kwa zamu, kila mmoja peke yake, mpaka majibu yao yakaribiane. Waliiita Delphi, kwa jina la mahali pa Wayunani palipokuwa na kuhani wa kike wa Apolo aliyewatabiria watu. Moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kukadiria ni mabomu mangapi ya atomiki ya Warusi yangetosha kuvunja viwanda vya silaha vya Marekani. Mchungaji anapoalikwa kwenye zoezi la Delphi katika hoteli tulivu, si vibaya akikumbuka kwamba jina ni la hekalu la kipagani na kazi ya kwanza ilikuwa ya kuhesabu mabomu. Hatusemi njia yenyewe ni najisi. Hata neno Pasaka katika lugha nyingine lina historia yake.

Asili ya pili ni ya watu waliotoka katika vita hivyohivyo wakiwa na majeraha. Ossip Flechtheim, Mjerumani aliyekimbia utawala wa Wanazi, alilibuni neno futurolojia mwaka 1943 akiwa uhamishoni Marekani. Fred Polak, Myahudi wa Uholanzi aliyenusurika ukaliaji wa Wajerumani, alitoa mwaka 1955 kazi kubwa juu ya picha ya wakati ujao. Hoja yake ilikuwa kwamba ustaarabu huishi kwa picha ulio nayo ya kesho, na picha hiyo ikififia ustaarabu wenyewe huanza kufa hata kama maghala bado yamejaa. Aliyekitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza, mwaka 1961, ni Elise Boulding, mama wa imani ya Quaker, watu wale ambao magharibi mwa Kenya tunawajua kama Kanisa la Marafiki. Boulding baadaye aliwakusanya watu wa kawaida na kuwafundisha kuwazia, hatua kwa hatua, dunia isiyo na silaha, kwa sababu aliona kwamba hata wapigania amani hawakuweza kuiona hiyo dunia katika fikra zao.

Kati ya watu wa asili hii ya pili, tungependa msomaji amjue Gaston Berger. Alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Saint-Louis, Senegali, akiwa na damu ya Kiafrika kwa upande wa bibi yake. Alikuwa mwanafalsafa, aliwahi kuendesha kiwanda, na baadaye akasimamia elimu ya juu Ufaransa. Mwaka 1957 alilipa jina la *prospective* lile zoezi la kuutazama wakati ujao kwa ajili ya kutenda. Mfano wake unaojulikana ni wa gari usiku: kadiri unavyokwenda kasi, ndivyo taa zako zinavyopaswa kumulika mbali. Alifariki mwaka 1960, na chuo kikuu cha Saint-Louis leo kina jina lake. Kwa hiyo anayesema kwamba kufikiri juu ya wakati ujao ni kitu cha Wazungu walichotuletea, basi aanze kwa kueleza habari za mwana huyu wa Senegali.

Mwenzake Bertrand de Jouvenel, aliyetoa kitabu chake kikuu mwaka 1964, alisisitiza kwamba juu ya wakati ujao hakuna ujuzi wa mambo hakika, kuna makisio yenye hoja tu. Mradi wake aliuita *Futuribles*, neno lenye mizizi ya kitheolojia. Linatokana na mabishano ya Luis de Molina, Mjesuiti wa karne ya 16, juu ya jinsi Mungu anavyojua yale ambayo yangetokea kama mwanadamu angechagua vingine. Luther, aliyemwandikia Erasmo mwaka 1525 juu ya utumwa wa hiari, asingefurahishwa na Molina hata kidogo, lakini hilo ni shauri la siku nyingine. Tunachotaka kionekane ni kwamba swali la mambo yawezekanayo lilijadiliwa katika theolojia karne nyingi kabla halijafika katika ofisi za makampuni.

Lilifikaje huko? Kwa njia ya mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mfaransa Pierre Wack alikuwa akitengeneza senario kwa ajili ya kampuni ya Shell. Aliwaonyesha wakurugenzi kwamba wenye mafuta wa Mashariki ya Kati wana sababu zote za kupunguza uzalishaji na kupandisha bei. Oktoba 1973 vita vilipotokea na bei ikapanda, Shell ilishtuka kuliko mtu angependa lakini kidogo kuliko wenzake. Sisi huku tulipigwa na bei ileile na ukame wa 1973 na 1974 kwa pamoja, mpaka Tanzania ikalazimika kununua mahindi nje. Hatukuwa na Wack wetu. Habari ya Shell ikasambaa, hasa baada ya Wack kuiandika mwenyewe mwaka 1985, na makampuni mengi yakataka kuona mbali.

Tangu hapo taaluma ilikuwa na matawi mawili. Watu wa tawi moja waliunda mwaka 1973 huko Paris shirikisho la dunia la masomo ya mambo yajayo, wakiuliza juu ya amani, njaa na aina za maisha ambazo wanadamu wangeweza kuishi. Wa tawi la pili walikwenda kazini. Richard Slaughter, aliyeanzisha taasisi ya uonambali katika Chuo Kikuu cha Swinburne, Melbourne, mwaka 1999, alieleza kwamba uonambali wa kimkakati ni ndoa ya njia za taaluma ya mambo yajayo na uongozi wa kimkakati. Huko Houston, Texas, ambako somo hili limefundishwa tangu katikati ya miaka ya 1970, Andy Hines na Peter Bishop walikusanya mwaka 2006 miongozo ya kazi hii chini ya hatua sita: kuweka mipaka ya swali, kuchungulia mazingira, kukadiria yanayoweza kuja, kutengeneza maono, kupanga, na kutenda. Uhusiano wa taaluma hizi mbili, kama tunavyouona sisi, ni ule wa mama na binti aliyepata ajira mjini. Binti anafika kazini kwa saa, anamaliza kazi, analipwa. Mama yuko nyumbani na maswali ambayo hayana mlipaji.

Tusimdharau binti. Kuna mambo ambayo Kanisa letu linahitaji kujifunza kwake, na la kwanza ni kutenganisha kisichojulikana na kile ambacho tayari kimeamuliwa. Wack alipenda mfano wa mto Ganges: mvua kubwa ikinyesha kwenye milima ya juu, anayeishi chini anaweza kujua siku kadhaa kabla kwamba mafuriko yanakuja. Huko si kutabiri. Maji yameshaanguka. Sasa tazama sensa ya Tanzania. Mwaka 2012 tulihesabiwa milioni 44.9, mwaka 2022 tulikuwa milioni 61.7. Mtoto atakayepata kipaimara miaka kumi na minne ijayo tayari amezaliwa. Hatuhitaji maono wala njozi kujua kwamba madarasa yetu ya kipaimara yatahitaji walimu wengi zaidi, na kwamba kihamba kilichogawiwa wana watatu wa baba hakitagawiwa wajukuu tisa. Hata hivyo ukisoma mipango mikakati ya kanisa utakuta shabaha nyingi za majengo, na mvua hiyo iliyokwisha kunyesha haimo.

La pili ni kuwaza zaidi ya njia moja. Mpango mkakati wa kawaida, pamoja na orodha yake ya uimara, udhaifu, fursa na vitisho, huwaza kesho moja tu: leo iliyoongezwa asilimia. Kule Afrika Kusini, mwaka 1991 na 1992, watu 22 kutoka pande zilizokuwa zikipingana walikutana mahali paitwapo Mont Fleur karibu na Stellenbosch, wakiongozwa na Adam Kahane aliyekuwa mtu wa Shell. Walitoka na hadithi nne. Moja ni ya mbuni anayeficha kichwa mchangani. Ya pili ni ya bata kilema. Ya tatu ni ya Ikaro, aliyeruka karibu mno na jua, yaani serikali mpya inayotumia fedha haraka mpaka uchumi uanguke. Ya mwisho ni ya flamingo, wanaoinuka polepole na kwa pamoja. Hakuna aliyelazimishwa kukubali siasa ya mwenzake. Walikubaliana tu kwamba hadithi zote nne zinawezekana. Waliopatanisha familia zinazogombania mirathi wanajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Kenya nayo ilifanya hivyo kati ya 1998 na 2000. Senario nne ziliandikwa. Ile mbaya kuliko zote, ambamo si siasa wala uchumi vinavyorekebishwa, iliitwa El Niño kwa kumbukumbu ya mvua za 1997 na 1998. Nyingine iliitwa Katiba, nyingine Maendeleo, na ile ya kurekebisha vyote viwili ilipewa jina la bata bukini warukao kwa mpangilio. Kisha likaja lile lililotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Makanisa Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa na za kikabila. Senario zilikuwa zimechapishwa miaka saba kabla. Onyo lilikuwepo, na waliotakiwa kulipigia kengele walikuwa wameshachagua upande. Kasoro hiyo huwezi kuitibu kwa kuongeza hatua ya saba kwenye zile sita za Houston.

Na hapa tunafika kwenye ukosoaji wetu wenyewe. Walimu wa uonambali wanapozungumza na watu wa Biblia hupenda kumtaja Yusufu. Wanasema, tazama, mtu wa Mungu aliona miaka saba ya shibe na saba ya njaa, akaweka akiba sehemu moja ya tano, akaokoa nchi. Kweli, hayo yako katika Mwanzo 41, na hatuna sababu ya kuyapunguza. Lakini husimama hapo. Sisi tunaomba waendelee mpaka sura ya 47.

Njaa ilipozidi, watu wa Misri walinunua chakula kutoka ghala la Yusufu kwa fedha yao mpaka ikaisha. Mwaka mwingine wakaleta mifugo. Mifugo ilipokwisha hawakuwa na kitu isipokuwa miili yao na mashamba yao, wakaomba wanunuliwe, wao na ardhi, wawe watumwa wa Farao. Yusufu akainunua nchi yote kwa ajili ya Farao. Nafaka ile ilikuwa imetoka katika mashamba ya watu hao hao. Walichouziwa ni jasho lao wenyewe, na bei ilikuwa uhuru wao. Uonambali ulifanya kazi kikamilifu: hakuna aliyekufa kwa njaa, na aliyekuwa na ghala akatoka na nchi nzima. Ukifungua kitabu kinachofuata, katika sura ya kwanza tu, utawakuta wajukuu wa nduguze Yusufu wakipigwa mijeledi huku wakijenga Pithomu na Ramesesi. Hiyo ilikuwa miji ya nini? Ya kuwekea akiba.

Hatudai kwamba mwandishi wa Mwanzo anamhukumu Yusufu; simulizi linakaa kimya, na wafafanuzi wamegawanyika. Lakini simulizi linatupa swali ambalo taaluma ya uonambali wa kimkakati, kwa jinsi ilivyojengwa, haina mahali pa kuliweka. Inamuuliza aliyeiajiri: wewe unataka kufika wapi, na nini kinaweza kukuzuia? Haimuulizi: ukifika huko, jirani yako atakuwa wapi? Taaluma mama ililiuliza swali hilo. Ziauddin Sardar, mwandishi Mwislamu mzaliwa wa Pakistani, aliandika mwaka 1993 kwamba hata wakati ujao unaweza kutawaliwa kikoloni, pale watu wachache wanapowawazia wengine wote kesho yao. Binti, akiwa kazini, hana nafasi ya kumsikiliza Sardar. Mteja hajalipia hilo.

Tuichukue Shell tena, kwa kuwa ndiyo shule yenyewe. Mwaka 1991 kampuni hiyo ilitengeneza filamu ya mafunzo juu ya kuongezeka kwa joto la dunia, yenye kuonya wazi juu ya mafuriko, ukame na watu watakaohama makwao. Taa zilimulika mbali kweli. Gari halikugeuka, mafuta yaliendelea kutafutwa na kuchimbwa miaka yote iliyofuata. Wapo walimu wa uongozi, Peter Senge mmojawapo katika kitabu chake cha 1990, waliolichukua neno la Kiyunani la Agano Jipya, *metanoia*, kueleza mabadiliko ya fikra yanayotakiwa katika kampuni. Sisi tunalitafsiri toba. Hatuna ugomvi na mkopo huo, ila neno limefika kule likiwa limepoteza uzito njiani. Katika Biblia anayetubu huacha jambo. Ninawi ilivaa magunia, mfalme akashuka kitini, na neno la Yona la siku arobaini halikutimia. Yona alikasirika kwa sababu onyo lake lilifaulu. Huenda ndiye mtu wa kwanza kuandikwa akilalamika kwamba uonambali wake umeharibu utabiri wake.

Msomaji anaweza kutuuliza kama Mwafrika ana haja na haya yote. Marehemu Profesa John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili, akazipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Hoja hiyo imefundishwa katika vyuo vyetu kwa miaka mingi kana kwamba ni Katekisimu. Tunamheshimu Mbiti, lakini wanafalsafa kama Kwame Gyekye wa Ghana waliipinga kwa ushahidi wa lugha zao, nasi tunao wa kwetu. Mswahili ana kesho, ana kesho kutwa, ana mtondo, na baada ya mtondo ana mtondogoo. Mtu asiye na wakati ujao hahesabu siku nne mbele kwa majina. Na bibi wa Kichagga aliyepanda mti wa mbao mpakani mwa kihamba hakuwa akimpandia Zamani. Tunachokosa si wazo la kesho. Ila tumezoea kuletewa kesho iliyokwisha kuandikwa, na jina la mfadhili chini ya ukurasa.

Tukiacha mfadhili, tuna mlango mwingine ambao kesho hutufikia, nao ni mkesha wa mwaka mpya. Kila Desemba 31 wako wanaojiita manabii wanaotangaza mwaka wa kuvuka, mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa adui kuaibika. Waumini wetu huwafuata, na si haki kuwacheka, kwa maana huko wanapewa kitu ambacho mpango mkakati wa dayosisi hauwapi: wanaambiwa kwamba kesho yao inamhusu Mungu. Lakini huyo ni Hanania. Katika Yeremia 28 Hanania alisimama hekaluni akasema nira ya Babeli itavunjwa katika miaka miwili. Yeremia akajibu Amina, laiti ingekuwa hivyo. Kisha akawaandikia waliohamishwa wajenge nyumba na kupanda bustani, kwa sababu ni miaka sabini. Miaka miwili huuza. Miaka sabini inamlazimu mtu kuoza binti zake ugenini. Na mtu huyohuyo wa miaka sabini, mji ukiwa umezingirwa, alinunua shamba Anathothi kwa shekeli kumi na saba za fedha na kuhifadhi hati katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Katika uwanja huu wahubiri wetu hupenda kumnukuu Luther na mche wake wa mtofaa ambao angeupanda leo hata kama dunia ingekwisha kesho. Inatubidi kusema kwamba Luther hajulikani kusema hivyo popote. Msemo huo hauonekani katika maandishi kabla ya mwaka 1944, Ujerumani, watu walipokuwa wakitafuta neno la kujishikilia. Shamba la Yeremia lina ushahidi bora. Na shamba hilo halitoki katika hatua zozote sita, maana hakuna mwelekeo wowote wa siku zile uliolipa thamani. Hapo Jürgen Moltmann, ingawa si Mlutheri, anatusaidia. Theolojia yake ya tumaini ilitoka mwaka uleule wa 1964 aliotoa de Jouvenel kitabu chake. Katika maandishi yake alitofautisha wakati ujao unaochipuka kutoka katika yaliyopo na wakati ujao unaotujia kutoka kwa Mungu. Taaluma tunayoijadili inajua ule wa kwanza tu, na hatuwezi kuilaumu, kwa kuwa wa pili hauchunguliki. Kosa ni la kanisa linaloufundisha ule wa pili Jumapili ya Majilio, kisha linapanga mwaka mzima kana kwamba ni wa kwanza pekee.

Je, basi tuifundishe taaluma hii kwa watumishi wa kesho? Tumeamua kwamba ndiyo, lakini tumeanza na mama kabla ya binti. Taifa limezindua Dira ya Maendeleo 2050 mnamo Julai 2025, nasi tumewataka wanafunzi waandike usharika wao wa nyumbani mwaka huo, kila mmoja katika hali nne: ukiwa umekua, ukiwa umeanguka, ukiwa umejifunga mkanda, na ukiwa umebadilika usitambulike. Mgawanyo huo unatokana na Jim Dator wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Hali ya kukua waliiandika haraka na zote zilifanana: ghorofa, hosteli, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Kuanguka kuliwachukua muda. Mmoja aliandika usharika wa mlimani wenye kanisa la mawe la wamisionari, mabibi kumi na wawili, na vijana wote Dar es Salaam wakisali mtandaoni. Ilibidi tusome habari za Hippo ya Agustino, aliyefariki mwaka 430 mji ukiwa umezingirwa, ndipo darasa likubali kwamba kanisa mahali fulani laweza kwisha. Vitabu vya uonambali wa kimkakati, kwa kadiri tulivyovisoma, huchukulia kwamba shirika lina haki ya kuwepo kesho. Bwana aliyewaandikia makanisa saba ya Asia hakuchukulia hivyo. Aliwaonya Efeso kwamba kinara kinaweza kuondolewa.

Zoezi lilipokwisha, mwanafunzi mmoja ambaye kabla ya kuja chuoni alikuwa mwinjilisti kijijini alirudi kwenye Mwanzo 47 na kuuliza juu ya mstari ambao sisi tulikuwa tumeupita. Katika nchi yote ya Misri, alisema, ardhi moja tu haikununuliwa, nayo ilikuwa ya makuhani, kwa sababu wao walikuwa na posho kutoka kwa Farao. Kisha akauliza kama katika zile hali nne tulizoziandika kuna hata moja ambamo mwinjilisti analipwa, na anayemlipa ni nani. Tulizipitia karatasi zote. Katika nyingi mwinjilisti hakutajwa kabisa. Katika hali ya kukua alikuwepo, na posho yake ilitoka kwenye kodi ya fremu za maduka zilizojengwa kwenye uwanja wa kanisa, pale ambapo sasa akina mama huuza ndizi bila kulipa chochote. Swali hilo tumelipeleka katika muhula unaokuja.